Mashati meupe ya internati: kisa cha chuma na manganizi katika foraji moja ya Lubumbashi

Kisa hiki ni cha internati (bweni la shule) ya wasichana katika komine ya Annexe, hapa Lubumbashi. Wanafunzi ni sitini na kitu, walezi wanne, mpishi mwenye mtoto mchanga, na sentineli anayelinda geti. Maji yao yote yanatoka kwenye foraji, yaani kisima kirefu chenye pampu, ya mita 60 iliyochimbwa uani, maana bomba la mji halijafika upande huo. Ninakieleza kwa kirefu kwa sababu watu hawa walikuwa wameshalipa mara moja, wakaambiwa tatizo limekwisha, na lile kosa lililowapoteza ninakutana nalo karibu kila nyumba yenye foraji ninakoitwa kushughulikia maji.

Mama Diretrisi hakuanza kwa kunionyesha maji. Alitandika mashati mawili mezani. Moja lilikuwa jipya, bado na mikunjo ya dukani. La pili lilikuwa limevaliwa muhula mmoja tu: mabega na kola vina rangi ya chai ya maziwa, na kuzunguka vifungo kuna madoa meusi kama mtu aliyapaka kwa ncha ya penseli.

“Papa, tunafua kila siku,” akaniambia. “Tunatia na javeli. Kadiri tunatia javeli, shati inazidi kuharibika.”

Nilimwamini palepale, kwani hiyo ndiyo dalili yenyewe. Chuma na manganizi, metali nyingine ya ardhini, vikiwa vimeyeyuka majini havina rangi. Maji yanatoka ardhini meupe kabisa, unaweza kusoma gazeti kupitia glasi. Lakini javeli, dawa ya kung’arisha nguo, ni klorini, na klorini ikikutana na chuma kilichoyeyuka inakigeuza kutu, ikikutana na manganizi inaigeuza unga mweusi. Mabadiliko hayo yakifanyika ndani ya beseni la kufulia, kutu na unga huo vinazaliwa ndani ya uzi wa kitambaa. Wasichana wale walikuwa wanatia rangi mashati yao kwa bidii yote, wakidhani wanayang’arisha. Kwenye shule zetu sare ni nyeupe na buluu, na msichana anayesimama mstarini na shati la rangi ya chai huonekana mchafu mbele ya wenzake wakati amefua mpaka vidole vimechubuka. Hilo liliniuma.

Nikawaomba waache javeli siku ileile. Kwa mashati yaliyokwisha kupata rangi, wasugue limau na chumvi, waache kivulini nusu saa, kisha wasuuze kwa maji ya mvua. Asidi ya limau inayeyusha kutu. Doa jeusi la manganizi ni gumu zaidi, na mengine hayakutoka.

Kilichoonekana kwa macho

Kabla sijafungua kifaa chochote nilifanya jambo ambalo kila mwenye foraji anaweza kulifanya. Niliwasha pampu, nikaacha maji yamwagike dakika ishirini ili ya ndani ya bomba yaishe, nikajaza beseni jeupe na kuliacha mezani jikoni. Yalikuwa safi kama machozi. Jioni yakawa na ukungu. Asubuhi chini kulikuwa na tope jepesi la rangi ya chungwa, na juu utando unaong’aa kama mafuta.

Mpishi alidhani ni mafuta ya pampu. Nilichukua kijiti nikaugusa ule utando: ukapasuka vipande vipande kama barafu nyembamba, na vipande havikurudi kushikana. Mafuta halisi ukiyagusa yanazunguka na kuungana tena. Kwa hiyo huu ulikuwa utando wa kutu na bakteria wanaoishi kwa chuma. Hawaleti ugonjwa, ila wanaziba mabomba.

Chooni, ndani ya tangi la kuvutia maji, ukuta ulikuwa kahawia, na juu ya kahawia kuna ngozi nyeusi inayoteleza. Niliikwangua kwa ukucha, ikaacha weusi kama masizi. Hiyo ngozi ndiyo iliyonijulisha kwamba hatushughuliki na chuma peke yake.

Sasa, walikuwa na karatasi ya uchunguzi wa maji. Ilisema chuma ni miligramu 0.4 kwa lita, na manganizi haikutajwa kabisa. Kwa karatasi hiyo, mtu yeyote angesema tatizo ni dogo. Nikauliza sampuli ilichukuliwa wapi. Ilichukuliwa kwenye robine (bomba) ya jikoni, baada ya maji kukaa kwenye tangi la juu siku tatu kwa sababu ya delestaji (mgao wa umeme), ikawekwa kwenye chupa ya maji ya dukani, na kupelekwa kesho yake. Chuma kilikuwa kimeshatuama chini ya tangi, na kilichobaki kilishika kwenye ukuta wa chupa. Waliopima walipima kweli, lakini walichopima ni mabaki.

Sampuli ya metali inachukuliwa kwenye mdomo wa foraji, baada ya pampu kufanya kazi, na chupa inatiwa tone za asidi ya nitriki palepale ili metali isitulie ukutani. pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (chini ya 7 ni asidi), haingoji safari: inapimwa hapohapo, ndani ya dakika chache, kwa sababu hewa ya ukaa iliyomo majini inatoroka na namba inapanda. Nilipofanya hivyo, majibu yalikuja hivi: chuma miligramu 4.2 kwa lita, manganizi 0.65, pH 6.1. Kwa kuwa tumejenga mji wetu juu ya shaba na kobalti, niliomba pia wapime shaba, kobalti, risasi na urani. Kipimo hicho kinaongeza gharama, lakini hapa kwetu siwezi kumshauri mtu akiruke. Mtambo wa kutoa kutu haukuundwa kwa ajili ya risasi, na maji yakipendeza macho mtu hakumbuki tena kuuliza. Kwa bahati njema vyote vinne havikuwa na neno.

Chuma kwa kiwango hicho kinaharibu ladha, chai na nguo. Madoa na ladha huanza kuhisika kwenye miligramu 0.3 hivi, na Shirika la Afya Duniani halijakiwekea kikomo cha kiafya. Manganizi ni habari nyingine. Mwaka 2021 shirika hilo lilipendekeza kikomo cha muda cha miligramu 0.08 kwa lita, likiwafikiria hasa watoto wachanga wanaokunywa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji, maana ubongo wao bado unajengwa na mwili wao hauwezi kuitoa manganizi kama wetu. Maji ya foraji hii yalikuwa nayo mara nane ya hapo. Na mtoto wa mpishi alikuwa anakunywa chupa. Nilimwambia mama yake kabla ya kumwambia mtu mwingine, na mtoto akaanza kukorogewa maziwa kwa maji ya kununua mpaka kazi iishe. Kuchemsha hakusaidii kitu hapa: maji yanapungua, manganizi inabaki palepale.

Mtungi wa kwanza na ndoo ya lita 20

Pembeni ya nyumba ya pampu palikuwa na mtungi wa chujio, mrefu kama mtu, kipenyo sentimita 25, umejaa chembe nyeusi nzito. Ulifungwa miezi saba kabla yangu. Wiki tano za mwanzo maji yalikuwa mazuri. Wiki ya sita yakaanza kutoka njano, na baadaye kila wakifungua robine kwa nguvu yakatoka meusi, mabaya kuliko ya foraji yenyewe. Waliitwa waliofunga, wakasema chembe zimekufa, zinunuliwe nyingine.

Nilifungua kifuniko na kuingiza mkono. Chembe hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimezikwa. Juu kulikuwa na tope la kutu zito kama ugali uliopoa, na chini yake chembe zimeshikana mabonge. Nilivunja bonge moja kiganjani na kuliosha kwa maji ya mvua: chembe zikatoka nyeusi, kali pembeni, zima kama zilivyotoka kwenye gunia.

Zilikuwa pirolusiti, yaani oksidi ya manganizi ya asili iliyopondwa na kuchekechwa. Watu wa Katanga tunalijua jiwe hili: ni la jamii ya mawe yaliyochimbwa miaka mingi Kisenge, upande wa Lualaba, na kusafirishwa kwa reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito mpaka vita vya Angola vilipoikata njia hiyo mwaka 1975. Nimeulizwa zaidi ya mara moja kwa nini tusichukue jiwe letu wenyewe badala ya kuagiza nje. Swali ni zuri. Jawabu langu ni kwamba chembe za chujio lazima ziwe za saizi moja, ngumu zisizomeng’enyeka, na zilizopimwa kwamba hazitoi metali nyingine majini. Siku mtu atakapofanya kazi hiyo hapa nchini nitakuwa wa kwanza kununua. Jiwe lisilopimwa siliweki kwenye maji ya kunywa.

Kazi ya chembe hizi inashangaza watu nikiwaeleza: manganizi inakamatwa na manganizi. Ile iliyoyeyuka majini ikipita inanata juu ya oksidi nyeusi, na pale juu, ikipata oksijeni au klorini, inageuka kuwa oksidi kama mwenyeji wake. Inakuwa ngozi mpya, tayari kukamata nyingine. Chembe inafanya kazi ya mshenga: inawakutanisha manganizi na oksijeni ambao peke yao, katika maji ya pH ya kawaida, wangechelewa mno. Bila kichocheo, oksijeni tupu haiishughulikii manganizi kwa haraka ya maana mpaka pH ipite 9, na maji ya namna hiyo hayatoki kwenye foraji zetu. Chuma kina haraka zaidi, lakini nacho kinategemea pH: ukishuka hatua moja ya pH, kasi yake inapungua kama mara mia. Ndiyo sababu beseni langu lilichukua usiku mzima kugeuka rangi. Hewa haikukosekana. Kila miligramu ya chuma inahitaji miligramu 0.14 tu ya oksijeni, na maji yaliyopigwa hewa vizuri, hata kwenye mwinuko wetu wa karibu mita 1,200, yana oksijeni mara kumi ya mahitaji ya chuma cha foraji hii. Kilichokosekana ni pH.

Kwa hiyo maji ya pH 6.1 yaliingia mtungini moja kwa moja kutoka kwenye pampu, bila kupigwa hewa, bila klorini. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na peke yake lingetosha. La pili ndilo lililouzika mtungi.

Chujio la namna hii lazima lioshwe kinyumenyume: maji yanasukumwa kutoka chini kwenda juu kwa nguvu ya kutosha kuzinyanyua chembe, zicheze, zisuguane, tope litoke na kumwagwa nje. Pirolusiti ni nzito, karibu mara nne ya uzito wa maji. Ili icheze, maji yanatakiwa kupanda kwa mwendo wa kama mita 60 kwa saa. Kwenye mtungi wa kipenyo cha sentimita 25 hiyo ni lita 50 kila dakika.

Nikamwita sentineli, Papa mmoja mtaratibu ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kugeuza vali kila Jumamosi. Nikampa saa yangu. “Papa, tuweke ndoo hapa kwenye bomba la kuoshea, unihesabie.” Ndoo ni ya lita 20. Pampu ikawashwa, nikafungua bomba lote. Ndoo ilijaa kwa sekunde 40. Lita 30 kwa dakika. Tukarudia jioni, saa ambayo umeme unalegea na taa zinakuwa za njano: sekunde 50.

Ili mtungi ule uoshwe, ndoo ilitakiwa kujaa kwa sekunde 24.

Papa aliangalia saa, akaangalia ndoo. “Sasa kila Jumamosi nilikuwa ninaosha nini?” Alikuwa anaosha kweli. Alifuata kila alichoelekezwa. Maji yalikuwa yanapita katikati ya chembe bila kuzigusa, kama mtoto anayepita kati ya watu wazima sokoni. Kila wiki tope likabaki, na juu yake likaongezeka jingine. Foraji hii kwa matumizi ya lita 5,000 kwa siku inaleta gramu 21 za chuma kila siku. Kwa mwaka ni karibu kilo 8 za chuma, na kutu yake, ikiwa imelowa, inajaza mapipa.

Nataka nisimame hapo kidogo. Pampu yao haikuwa mbovu. Chembe hazikuwa mbovu. Hakuna aliyeweka ndoo chini ya bomba kabla ya kununua. Duka litakuuliza mtungi wa saizi gani na nyumba ina watu wangapi. Swali la kwanza lingekuwa hili: pampu yako inajaza ndoo kwa sekunde ngapi? Jawabu lake ndilo linalokuambia chembe zipi unaweza kuzinunua na zipi huwezi, hata ukipewa bure.

Tulivyopanga upya

Kubadilisha pampu ya foraji nilikataa. Foraji ile haina uwezo wa kutoa lita 50 kwa dakika bila kukauka, na pampu kubwa ingevuta mchanga. Nikatafuta nguvu ya kuoshea mahali pengine, nayo ilikuwepo tayari, juu ya vichwa vyetu: tangi la lita 5,000 kwenye mnara wa mita 6. Maji yakishuka kutoka pale kwa bomba pana la milimita 50 hayahitaji umeme wala hayajui delestaji. Tangi likawa ndiyo pampu ya kuoshea.

Njia mpya ya maji ni hii. Pampu ya foraji inamwaga juu ya trei tatu zenye matundu, zilizopangwa moja juu ya nyingine, na maji yanadondoka kama mvua kutoka trei hadi trei. Oksijeni inaingia, na hewa ya ukaa inatoka, jambo ambalo ndilo muhimu zaidi hapa, kwani ndiyo iliyokuwa inaishusha pH. Kwa kudondoka tu pH ilipanda kutoka 6.1 hadi 6.8, bila dawa yoyote. Yanaangukia kwenye tangi la chini la lita 2,000 na kukaa karibu saa mbili. Sehemu kubwa ya chuma inageuka kutu hapo na nyingine inatuama. Kisha pampu ndogo inayasukuma, lita 1,000 kwa saa, kupitia mtungi mpya wa kipenyo cha sentimita 40, hadi mnarani.

Ndani ya mtungi mpya hakuna pirolusiti. Tulichagua chembe nyepesi zaidi: kiini cha mchanga wa silika, nje ngozi ya oksidi ya manganizi. Zinatokana na wazo la zamani la mchanga wa kijani wa New Jersey, Marekani, uliotumika kwa kazi hii miongo mingi. Chembe hizi zinanyanyuka kwa mwendo wa mita 29 kwa saa, nusu ya ule wa pirolusiti. Juu yake tuliweka tabaka la sentimita 30 la makaa ya mawe magumu yaliyochekechwa, ili kutu iliyokwisha kuganda ikamatwe huko na chembe zenyewe zibaki kwa ajili ya manganizi. Vyote viliagizwa Afrika Kusini na kukaa mpakani Kasumbalesa wiki tatu, siku ambazo Mama Diretrisi alinipigia simu kila asubuhi.

Kabla tu ya mtungi, pampu ndogo ya dozi inatia klorini. Mahali penyewe pana maana. Ukiitia kwenye tangi, manganizi inaweza kugeuka unga mwembamba mno unaopenya chujio. Ukiitia mlangoni mwa mtungi, inafika juu ya chembe pamoja na manganizi, na mabadiliko yanafanyika pale tunapoyataka. Miligramu moja ya manganizi inakula 1.29 za klorini, ya chuma kilichobaki inakula 0.63, na tunataka ibaki kama 0.5 baada ya mtungi. Ilitoka miligramu 2 kwa lita hivi. Kwa siku ni gramu 15 za unga wa klorini wa asilimia 65, vijiko vichache. Klorini ileile iliyokuwa inaharibu mashati, ikihamishwa mita thelathini na kuwekwa kabla ya chujio, ndiyo inayoyaokoa.

Mimi nami nilikosea mahali, na nieleze ili mwingine asirudie. Nilitaka pH ipande zaidi ya 6.8, maana maji ya namna hiyo yanakula mabomba. Nikajaza kokoto za mawe ya chokaa kwenye trei za juu, yale mawe mazuri meupe ya Kakontwe, karibu na Likasi. Wiki ya kwanza pH ilifika 7.3, nikafurahi. Wiki ya tatu ikarudi 6.8. Nilipopanda ngazi nilikuta kila kokoto imevaa koti la kutu, kahawia kotekote. Niliipasua moja: ndani nyeupe kama jana, ila maji hayakuwa yanaigusa tena. Chokaa ilikuwa imewekwa mbele ya chuma badala ya nyuma yake. Tukazisugua kokoto zote na kuzihamishia kwenye mtungi mdogo baada ya chujio, mahali ambapo maji ni safi. Huko zimedumu.

Kuanza hakukuwa kwa siku moja. Chembe mpya tulizilowesha usiku mzima kwenye maji ya klorini kali, kisha tukaziosha mpaka vumbi jeusi likaisha. Wiki ya kwanza chuma kilikuwa 0.1 lakini manganizi bado 0.2. Mama Diretrisi alitaka kujua kama tumepoteza tena fedha. Nilimwomba subira: ngozi ya oksidi inakua kwa kulishwa. Wiki ya nne manganizi ilikuwa 0.03, na imekaa hapohapo. Mabomba ya zamani ndani ya nyumba yaliendelea kutema weusi karibu miezi miwili, kwa sababu uchafu wa mwaka mzima ulikuwa umeshika humo. Kila Jumapili walifungua robine zote kwa pamoja dakika kumi mpaka ukaisha. Mtoto wa mpishi alirudishiwa maji ya nyumbani baada ya vipimo vitatu mfululizo, si kabla.

Maji machafu ya kuoshea, kama lita 600 kila baada ya siku mbili, ni asilimia 6 ya maji yote. Wasichana walitaka yaende kwenye bustani yao ya lengalenga (mchicha). Nilikataa, na sababu ni ya hapa Katanga. Oksidi ya manganizi inapenda sana kobalti na inaivuta hata ikiwa kidogo mno majini. Ardhini kwetu viwili hivyo hukutwa pamoja kwenye mawe meusi. Foraji ikiwa salama leo, tope la mwaka mzima linaweza kuwa limekusanya kile ambacho lita moja haionyeshi. Tulichimba shimo lenye sakafu ya saruji, maji yanakauka jua la kiangazi, na tope litapimwa kabla ya kuamua liende wapi.

Usimamizi ni wa Papa sentineli. Ana daftari la mistari. Kila akiosha anafungua vali ya mnara, anaweka ndoo ya lita 20, anaandika sekunde. Inatakiwa 20. Chini ya 17 maji yana nguvu mno na yataanza kubeba chembe nje. Juu ya 24 hayazinyanyui vya kutosha. Mwezi uliopita nilipokwenda kuchukua sampuli ya masika alinifungulia ukurasa: 20, 20, 19, 20, kisha 22, 25, 27. Maji ya robine yalikuwa bado mazuri, hakuna mtu ndani ya nyumba aliyelalamika. Tulifungua vali kubwa chini ya mnara. Ndani yake, imekwama upande, ilikuwa kokoto moja ya chokaa ya ukubwa wa punje ya hindi, imepenya kutoka kwenye mtungi mdogo hadi tangini na kushuka na maji. Tuliitoa, tukafunga wavu kwenye mdomo wa mtungi, akaweka ndoo. Sekunde 20. Akaandika, akaweka na tarehe.